Wavu wa Inchi Tano: Habari za Mapatano juu ya Ziwa Victoria

Mwaka 1890, katika mapatano baina ya Waingereza na Wadachi, yaani Wajerumani, mstari wa latitudo ya nyuzi moja kusini mwa ikweta ulipitishwa juu ya maji ya ziwa lililo kubwa kuliko yote katika Afrika, na sidhani kama miongoni mwa mabwana walioupitisha alikuwapo hata mmoja aliyepata kutupa ndoana katika maji hayo. Kaskazini ya mstari ikawa milki ya Mwingereza na kusini yake ikawa ya Mdachi. Kisha mwaka 1902 Waingereza wakaikata sehemu ya mashariki ya Uganda, wakaiunganisha na nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, ili reli itokayo Mombasa iwe yote chini ya utawala mmoja, na kwa hiyo ziwa likapata wenyewe watatu badala ya wawili. Hesabu tuliyo nayo leo ni mzao wa kalamu hizo: katika eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, Tanzania ina asilimia 51, Uganda 43, na Kenya 6.

Lakini hiyo ni hesabu ya uso wa ziwa tu, na maji yenyewe yana hesabu yao. Sehemu nne katika tano za maji yaingiayo ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na iliyobaki huletwa na mito: Kagera, ulio mkubwa kuliko yote, utokao katika milima ya Rwanda na Burundi, Mara, ushukao kutoka misitu ya Mau katika Kenya, ukapita Serengeti, ukamwaga maji yake karibu na Musoma, Nzoia upande wa kaskazini-mashariki, Simiyu upitao katika nchi ya Usukuma, na mingine midogo. Pa kutokea ni mahali pamoja tu, napo ni Jinja, ambako Mto Nile huanza safari yake ya kwenda Misri. Kwa hiyo mkulima afyekaye kilima katika Burundi huichafua ghuba asiyopata kuiona, na fundi afunguaye lango la bwawa katika Jinja huushusha mtumbwi ulioegeshwa Kirumba, Mwanza. Makala haya yakusudia kuhadithia namna watawala na wavuvi wa ziwa hili walivyojaribu, kwa muda wa zaidi ya karne moja, kulitunza kwa shauri moja. Na rai ya mwandishi, ambayo msomaji ataipima mwenyewe kwa habari zitakazofuata, ni kwamba mapatano haya hayakupata kuharibika kwa uchache wa karatasi wala kwa uchache wa hekima ndani ya karatasi, bali yaliharibika kila mara pale mkono mmoja uliokuwa ukishika kipimo katika pwani zote ulipoondolewa, kila pwani ikaachiwa kipimo chake.

Jambo la kwanza lililowalazimisha watawala wa pande mbili za mstari kukaa na kusemezana lilikuwa mauti. Tangu mwaka 1900 ugonjwa wa malale uliingia katika Busoga na visiwa vya kaskazini, ukaua kwa makadirio watu zaidi ya 200,000 katika miaka michache, na kwa kuwa mbung'o auletaye ugonjwa huo hukaa katika vichaka vya ukingoni, wapiga makasia waliokuwa wakivuka baina ya visiwa vya Sese na pwani ya Bukoba waliuchukua katika damu zao bila ya kujua. Mwaka 1906 tabibu mashuhuri wa Kidachi, Robert Koch, aliwasili Mwanza, mji ambao Wadachi walikuwa wamejenga boma lao mwaka 1892, akaendelea mpaka Sese, ambako aliwatibu wagonjwa kwa dawa iliyoitwa atoksili, ambayo iliwapunguzia baadhi yao maradhi na wengine ikawapofua macho. Mwaka 1908 serikali mbili zikaafikiana kwamba kila upande uupashe mwingine habari za kuenea kwa maradhi, na wagonjwa wasiachwe kuvuka mpaka. Wadachi wakaweka kambi Shirati na Kigarama, na upande wa Uganda Gavana Hesketh Bell akawahamisha watu wa ukingoni na wa visiwani kwa maelfu. Walioamriwa kuyaacha makaburi ya wazee wao na mialo yao hawakuulizwa kitu. Hata hivyo huo ndio mfano wa kwanza wa mamlaka mbili kukiri kwamba juu ya ziwa hili hakuna awezaye kujilinda peke yake.

Sasa tuje kwenye wavu, maana humo ndimo ilimo habari yenyewe.

Kabla ya mwaka 1905 Wajita, Wakerewe, Wakara, Wasukuma, Wazinza, Waluo na jamaa zao wote wa pwani walikuwa wakivua kwa migono, kwa ndoana, kwa nyuzio zilizofungwa midomoni mwa mito wakati samaki waitwao ningu wanapopanda kwenda kutaga, na kwa makokoro yaliyosukwa kwa mafunjo; nazo ni zana ambazo nguvu yake haikupita nguvu ya mikono na wingi wa jamaa. Mwaka ule wa 1905 nyavu za makila, zilizofumwa kwa kitani katika viwanda vya Ulaya, zikaletwa katika ghuba iliyoitwa Kavirondo, ambayo leo huitwa Winam. Wavu wa makila hautaki nguvu za watu wengi: husimamishwa wima majini usiku, juu ukielezwa na maboya na chini ukivutwa na vizito, na samaki apitaye hutia kichwa katika jicho la wavu, na akitaka kurudi nyuma mashavu yake hunasa katika uzi. Reli ilikwisha kufika Kisumu mwaka 1901, soko likawa tayari, na samaki aliyetakiwa na soko hilo alikuwa ngege, mtamu na mwenye mnofu wa kutosha, ambaye wakati huo alikuwa tele. Haikupita miaka 20 wavuvi wa ghuba wakaanza kulalamika kwamba wavu uliokuwa ukirudi umejaa sasa hurudi na samaki wa kuhesabika.

Malalamiko hayo ndiyo yaliyomleta Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, ambaye katika miaka ya 1927 na 1928 aliuzunguka ukingo wa ziwa akipima samaki na kuhesabu nyavu, na mwaka 1929 akatoa taarifa ambayo hata leo, baada ya karibu karne moja, ni vigumu kuisoma bila ya kusikitika. Aliona kwamba wavu wenye jicho la inchi tano, yaani inchi tano kutoka fundo hadi fundo la mkabala jicho linapovutwa likakaza, humnasa ngege aliyekwisha kuzaa, na humwachia apite yule ambaye bado. Na kwamba jicho likipunguzwa kwa nusu inchi tu, wavu huanza kuwala watoto kabla hawajawa wazazi. Kwa hiyo alishauri mambo mawili: kwanza, katika ziwa zima usiruhusiwe wavu wenye jicho lililo chini ya inchi tano, na pili, iwepo mamlaka moja ya uvuvi kwa ziwa zima, yenye kukusanya hesabu na kuisimamia sheria bila ya kujali mpaka. Tena alitoa onyo ambalo litatuhusu mbele: kwamba kuleta katika ziwa hili samaki mkubwa mla wenziwe kutoka maji mengine ni hatari kubwa mno, ila kama utatangulia uchunguzi mrefu.

Shauri la kwanza lilitimizwa upesi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 inchi tano ikawa sheria. Shauri la pili lilisubiri miaka 18. Mwaka 1947 ndipo ilipoundwa Idara ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, ikiwa na maafisa na mashua za kuzunguka pwani za nchi zote tatu, na mwaka huo huo kikawekwa Jinja chuo cha utafiti wa uvuvi kwa Afrika Mashariki nzima. Hapo ziwa likapata, kwa mara ya kwanza na kwa muda mfupi, kile alichokitaka Graham: afisa mmoja, mwenye rula moja, ashukaye mwaloni Mwanza au Kisumu au Entebbe akavuta jicho la wavu lile lile kwa sheria ile ile. Msomaji asidhani kwamba maafisa hao walipendwa. Mvuvi aliyechomewa wavu wake hakuwa na sababu ya kumshukuru mtu, na wafanyabiashara waliouza nyavu za inchi nne na nusu madukani walikuwa na sababu nyingi za kumsaidia mvuvi kuzificha.

Mambo mawili yakaishinda idara. La kwanza ni uzi wa nailoni, ulioingia mapema katika miaka ya 1950, ambao hauozi kama kitani na hauonekani sana majini, ukauzidisha uwezo wa kila mtumbwi. La pili ni kwamba ngege wakubwa walikuwa wamekwisha kupungua hata wavu wa inchi tano ukawa haulipi gharama yake, na kila serikali ikaanza kusikiliza kilio cha wavuvi wake yenyewe. Mwaka 1956 Tanganyika na Uganda zikaifuta sheria ya inchi tano. Kenya ikaishikilia mpaka mwaka 1961. Fikiri maana ya miaka hiyo mitano kwa Waluo wa Shirati na Waluo wa Karungu, ambao ni watu wa lugha moja waoleanao wao kwa wao: upande wa kusini mwa mpaka mtu aliweza kutandaza wavu wa inchi nne mchana kweupe, na shemeji yake wa upande wa kaskazini, akiutandaza wavu huo huo, akawa mhalifu. Sheria ya namna hiyo haihitaji kufutwa. Hufa yenyewe kwa kudharauliwa. Karibu na mwaka 1960 Idara ya Uvuvi ya Ziwa Victoria nayo ikavunjwa, kazi zake zikagawiwa kwa idara za nchi tatu, na muongo uliofuata ulipokwisha ngege, samaki aliyekuwa sababu ya sheria yote hiyo, alikuwa amekuwa nadra.

Juu ya maji yenyewe, mbali na samaki, palikuwa na mapatano mengine ambayo watu wa Mwanza hawakushiriki katika kuyafanya. Mei 1929 Uingereza, ikisema kwa niaba ya Sudani, Uganda, Kenya na Tanganyika, iliahidi kwa Misri kwamba hakuna kazi yoyote ya kupunguza maji ya Nile itakayofanywa juu ya mto au juu ya maziwa yake bila ya ridhaa ya serikali ya Misri. Bwawa la Owen Falls katika Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, lilijengwa kwa kufuata ahadi hiyo: Misri ilichangia fedha ili ukuta uwe mrefu zaidi, mhandisi wa Kimisri akawekwa Jinja kuangalia kiasi kitokacho, na ikakubaliwa kwamba maji yatolewe kwa kadiri ile ile ambayo yangetoka yenyewe kama mawe ya maporomoko ya kale yangalikuwako bado. Tanganyika ilipopata uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alishika msimamo kwamba nchi huru haiwezi kurithi dhamana ambayo haikuulizwa, na Julai 1962 serikali yake ikaziarifu Uingereza, Misri na Sudani kwamba haijioni kuwa imefungwa na mapatano ya 1929. Wanasheria wa dunia wakaupa msimamo huo jina la Nyerere, na mpaka leo hufundishwa. Ajabu ni kwamba wakati barua hizo zinaandikwa ziwa lenyewe lilikuwa likipanda: mvua za mwisho wa mwaka 1961 zilikuwa kubwa mno, na kufikia mwaka 1964 kina kilikuwa kimezidi kwa zaidi ya mita mbili, kikameza mashamba, magati na mialo pwani nzima. Tukio hilo ndilo lililoziunganisha, mwaka 1967, Misri, Sudani, Uganda, Kenya na Tanzania katika kazi ya kupima mvua na mito ya maziwa makuu, makao yake yakiwa Entebbe. Kazi ya mizani na daftari, isiyo na fahari, ambayo takwimu zake zinatumika hata sasa.

Mwaka huo huo wa 1967 ikazaliwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo ikakirithi chuo cha Jinja pamoja na meli za ziwani, na kwa miaka kumi mtafiti wa Jinja aliweza kupanda chombo akatupa wavu wake wa kuchunguzia katika Ghuba ya Mwanza bila ya kuomba ruhusa ya ubalozi. Lakini ndani ya maji palikuwa pamekwisha kuingia kitu kingine. Katika mwaka 1954 sangara, samaki wa Nile na wa Ziwa Albert, alitiwa katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, bila ya shauri la pamoja. Na wataalamu walipokuwa wangali wakijadiliana, Geoffrey Fryer wa Jinja akiandika mwaka 1960 kupinga, maafisa waliompenda samaki huyo kwa ukubwa wake walimleta tena kwa idhini ya serikali katika miaka ya 1962 na 1963. Onyo la Graham lilikuwa lipo katika maktaba zao wote.

Sangara hakufanya haraka. Kwa miaka 20 alionekana hapa mmoja na pale mmoja, na humu kusini samaki aliyetawala alikuwa bado furu, vijisamaki vya rangi nyingi vyenye jinsi zaidi ya 500 katika ziwa zima, ambavyo peke yavyo vilikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wote. Mwaka 1976 palifunguliwa Mwanza kiwanda cha kusaga furu kuwa unga wa chakula cha mifugo, na meli za kukokota nyavu zikaanza kazi katika ghuba. Mwaka uliofuata Jumuiya ikafa.

Mengi yameandikwa juu ya kifo hicho kwa upande wa ndege, reli, posta na benki, wala sina haja ya kuyarudia; ila sijaona pa kutosha palipoandikwa kwamba katika vitu vyote vilivyogawanywa mwaka 1977, kitu ambacho kugawanywa kwake kuliharibu zaidi kilikuwa ni ule uchunguzi wa ziwa, kwa kuwa ndege zaweza kununuliwa tena, ilhali hesabu ya samaki isiyochukuliwa mwaka fulani haichukuliwi mwaka mwingine. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa na ukabaki umefungwa hadi mwaka 1983. Chuo cha Jinja kikawa cha Uganda peke yake, tena katika siku ambazo Uganda yenyewe ilikuwa vitani. Kenya ikaunda taasisi yake mwaka 1979 na Tanzania ikaunda yake, TAFIRI, mwaka 1980. Na hiyo ndiyo miaka sangara aliyoichagua. Kwanza akaenea katika maji ya Kenya na ya Uganda, kisha baina ya mwaka 1983 na 1986 akaijaza Ghuba ya Mwanza, na furu wakatoweka mbele yake kwa kasi ambayo elimu ya viumbe haikupata kuiona kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Yakadiriwa kwamba jinsi 200 hivi zilipotea au zilikaribia kupotea. Kwa bahati njema kundi dogo la watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden lilikuwa limeanza kazi Mwanza mwaka ule ule wa 1977, wakipima kipande kile kile cha ghuba mwaka baada ya mwaka, na kwa sababu yao tunajua kilichopotea.

Wala haitakuwa insafu kusema kwamba mazungumzo yalikatika kabisa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliunda kamati ndogo ya uvuvi wa ziwa, na kikao chake cha kwanza kikafanyika Mwanza mwezi wa Oktoba 1981, mpaka ukiwa bado umefungwa. Tukumbuke pia Rusumo, ambako Agosti 1977, Jumuiya ikiwa imekwisha kuanguka, Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia sahihi mkataba wa kuanzisha shirika la bonde la Kagera, na Uganda ikaingia mwaka 1981. Shirika hilo lilikuwa na azma kubwa za umeme na reli, fedha hazikupatikana, na mwaka 2004 likafungwa. Lakini bwawa la Rusumo lililoandikwa katika mipango yake lilijengwa hatimaye na Rwanda, Burundi na Tanzania, lenye megawati 80 zigawanywazo sawa kwa sawa.

Kilichoyarudisha mapatano ziwani kilikuwa ni gugu. Gugu maji, asili yake Amerika ya Kusini, lilipitia Mto Kagera na likaonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na haikufika katikati ya muongo uliofuata lilikuwa limeziba ghuba, bandari na mialo ya nchi zote tatu. Wenyeji wa Mwanza wanakumbuka jinsi upepo ulivyokuwa ukibadilika usiku na asubuhi bandari nzima ikawa kijani, mitumbwi ikishindwa kutoka, akina mama wakitafuta pa kuteka maji baina ya majani yenye nyoka na konokono. Hakuna nchi iliyoweza kulimaliza gugu kwa upande wake, kwani lililosukumwa kutoka pwani moja lilipokewa na nyingine. Juni 1994 wajumbe wa nchi tatu wakakutana Kisumu wakatia sahihi mkataba wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, makao yake yakiwa Jinja, na Agosti mwaka huo huo wakaafikiana juu ya mradi wa pamoja wa hifadhi ya mazingira ya ziwa, ulioanza mwaka 1997 kwa mkopo na msaada wa Benki ya Dunia na mfuko wa mazingira wa dunia.

Palikuwa na ikhtilafu juu ya namna ya kuliua gugu. Wako waliotaka dawa ya sumu, na wako waliotaka mitambo ya kulivuna. Lakini lililoshinda, kwa uchumi na kwa salama, lilikuwa fukusi, kijidudu kidogo kuliko punje ya mchele ambacho hakili kitu kingine duniani ila gugu hilo. Katika pwani za nchi tatu fukusi walifugwa ndani ya matangi, gugu likiwekwa humo kama malisho, na wavuvi wenyewe wakafundishwa kulibeba jani lenye fukusi na kwenda kulitupa katikati ya marundo. Jani lililoliwa huonyesha vidonda vidogo vya mviringo, kisha shina hutobolewa na mabuu, maji yakaingia, na mmea ukazama. Kufikia mwisho wa muongo sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imekwisha kuanguka, ikisaidiwa, yasemwa, na mawimbi na mawingu ya ile mvua kubwa ya mwaka 1997 na 1998. Halikumalizika, na hurudi kila palipo na uchafu wa kulilisha, kama katika mlango wa Mto Mirongo upitao katikati ya mji wetu wa Mwanza. Ila ni haki kusema kwamba katika mambo yote yaliyofanywa kwa pamoja juu ya ziwa hili, hilo ndilo lililofaulu kwa uwazi zaidi, na labda ni kwa sababu fukusi hakuhitaji afisa wa kumsimamia.

Samaki wamehitaji maafisa, na hapo ndipo ugumu wa zamani uliporudi. Mwaka 1999, baada ya habari kuenea kwamba kuna wavuvi wavuao kwa sumu, Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa ziwa zima, na viwanda vya minofu vya Mwanza, ambavyo vilikuwa vimeugeuza mji, vikasimama pamoja na vya Kisumu na Jinja kwa kosa ambalo halikuwa la pwani moja. Kutokana na somo hilo vikatiliwa nguvu vikundi vya wavuvi vya kulinda mialo, viitwavyo BMU, na nchi tatu zikaafikiana kwamba sangara avuliwaye awe na urefu usiopungua sentimita 50 wala kuzidi 85, kwa hoja ile ile ya Graham iliyoongezwa upande wa pili: aliye chini ya 50 hajazaa, na aliye juu ya 85 ndiye mama mwenye mayai mengi kuliko wote. Mwaloni paliwekwa ubao wenye alama mbili, samaki akilazwa juu yake, mkia ukinyooshwa kwa kiganja, na macho yote yakifuata alama. Kiwanda humkataa mfupi. Lakini sangara mfupi hakosi mnunuzi: atapasuliwa, atatiwa chumvi, atakuwa kayabo, na ataondoka Kirumba kwa gunia akielekea Kongo, ambako hakuna ubao unaomngojea. Uganda ilipeleka jeshi ziwani mwaka 2017, Tanzania ikaendesha Operesheni Sangara mwaka 2018, nyavu na mitumbwi ikateketezwa kwa wingi, Kenya haikufanya kwa ukali huo, na wavuvi waliofukuzwa katika maji ya nchi moja wakatafuta maji ya nyingine. Hesabu ya 1956 ilikuwa ile ile, ila majina ya samaki yamebadilika.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, ziwa likatajwa kuwa eneo la uchumi la pamoja. Novemba 2003 ikasainiwa itifaki ya maendeleo endelevu ya bonde lake, na mwaka 2005 ikaundwa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Kisumu, ambayo Rwanda na Burundi, zenye vyanzo vya Kagera, zimo ndani yake. Kamisheni haikupewa muda wa kupumua. Baina ya mwaka 2003 na 2006 ziwa lilishuka kwa zaidi ya mita moja, magati ya Mwanza yakabaki juu ya matope na mabomba ya kuvutia maji yakalazimika kusogezwa, na wapimaji walipoitazama hesabu wakaona kwamba ukame ulihusika, na kwamba bwawa jipya la Kiira, lililowekwa kando ya lile la 1954, lilikuwa limehusika pia, kwa kutoa maji zaidi ya kadiri iliyoafikiwa tangu siku za mhandisi wa Kimisri. Mei 2020 mambo yakapinduka, ziwa likapanda mpaka likapita kidogo kile kiwango cha mwaka 1964, na watu wa ukingoni waliokuwa wamejenga pale maji yalipokuwa yameondoka wakarudishiwa maji yao ndani ya nyumba.

Ihelele, katika wilaya ya Misungwi, kuna chanzo ambacho kutoka kwacho Tanzania ilianza kujenga, mwaka 2004, bomba la kuyapeleka maji ya ziwa mpaka Shinyanga na Kahama, na baadaye likaendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Misri ililalamika kwa kuitaja ahadi ya 1929, na Tanzania ikajibu kwa msimamo wa 1962. Maji yakaenda. Mei 2010, katika mji wa Entebbe, Ethiopia, Uganda, Rwanda na Tanzania zilitia sahihi mkataba mpya wa ushirikiano wa bonde lote la Nile, Kenya ikafuata siku chache baadaye na Burundi mwaka uliofuata, Misri na Sudani zikakataa. Na ulipoanza kuwa na nguvu ya sheria, Oktoba 2024, baada ya Sudani Kusini kuuthibitisha, Kenya ilikuwa bado haijauthibitisha. Mkataba huo waagiza kuundwa kwa kamisheni ya nchi za bonde, lakini kipimo cha maji yatokayo ziwani kingali Jinja, katika nchi moja, mikononi mwa wazalishaji wa umeme.